Faili Lililorudi Bila Jina

Kompyuta ikikataa kuwaka, hukumu hutolewa upesi: imekufa. Husogezwa pembeni, hufunikwa kitambaa, baadaye hupelekwa stoo, na siku nyumba inapohitaji nafasi huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo. Ndani yake huondoka barua, picha, hesabu za chama cha kufa na kuzikana, mashairi ambayo hayakuwahi kumalizika, na mitihani waliyofanya wanafunzi ambao leo wenyewe ni walimu. Hakuna anayeviombolezea vitu hivyo, kwa kuwa nyumba nzima inaamini vilikufa siku ileile mashine ilipozima. Naandika kuipinga imani hiyo. Mara nyingi kinachokufa katika kompyuta ni kile ambacho hatukihitaji, na tunachokihitaji hubaki kizima kikimngoja mtu asiye na haraka.

Tazama yanayoziua kompyuta za mezani za miaka ya 2000, hizi zilizojaa kwenye stoo zetu. Umeme hukatika, ukirudi hurudi kwa kishindo, pawasaplai inaungua. Kapasita za madabodi huvimba vichwa na kuvuja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, madabodi nyingi duniani ziliuzwa zikiwa na kapasita mbovu ambazo hazikudumu. Ramu huingia vumbi, na kwetu pwani hewa ya chumvi huongezea kutu. Fundi huichomoa, akaisugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akairudisha, mashine ikaamka. Betri ya duara inayofanana na sarafu, CR2032 ya volti 3, ikiisha nguvu, kompyuta husahau tarehe na mipangilio yake, na nyingine husimama kwenye kioo cheusi zikitaka mtu abonyeze kitufe. Wakati mwingine vyuma vyote ni vizima ila Windows imeharibika, na hapo inatosha kuiwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, ukanakili vitu vyako ukaondoka navyo. Katika visa vyote hivyo hadi diski, kile kipande kinachohifadhi mafaili, haijaguswa. Imekaa kwenye kizimba chake na skrubu zake nne, haijui kilichotokea nje.

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa Kiswahili hapa Tanga hadi alipostaafu. Kompyuta yake aliinunua ikiwa imeshatumika, mojawapo ya zile zinazoletwa kwa makontena kutoka Ulaya, na ubavuni ilikuwa bado na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi fulani ya huko. Aliitumia miaka mingi chini ya Windows XP. Alipofariki, mashine ilikuwa haiwaki tena, na kijana mmoja wa mtaani, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshajaribu kuiponya kwa njia wanayoijua vijana wengi: aliipiga Windows upya. Iliwaka siku chache, kisha ikazima moja kwa moja. Ndugu walipokuja kugawana vitu, kompyuta haikupata mwenye kuitaka.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Ngamiani. Ana meza moja barazani, taa ya kujipinda, kopo la skrubu na rundo la mashine zilizofunguliwa vifua. Hakuitazama kompyuta kwanza; alinitazama mimi.

“Dada, unataka mashine iwake au unataka data?”

“Data, fundi. Mashine siihitaji.”

“Basi kuanzia sasa usiiwashe tena. Wala usimpe mtu mwingine akuwashie.”

Swali lile ndilo elimu nzima ya kazi hii. Anayetaka mashine iwake atakubali chochote: kufomati, kupiga Windows, kubadilisha diski. Anayetaka kilichomo ndani lazima akubali mashine isiwake kamwe. Dawa ya haja moja ni sumu ya nyingine, na mteja asiyejua anachokitaka hupoteza vyote viwili.

Alifungua ubavu, akatoa skrubu, akaivuta diski pamoja na vumbi lake. Ni kipande cha chuma cha inchi 3.5, kizito kuliko kinavyoonekana, kinachoingia kwenye kiganja. Akaichomeka kwenye waya wa adapta, upande mmoja SATA na upande wa pili USB, wenye chaja yake, kwa sababu diski ya inchi 3.5 hutaka volti 12 ambazo tundu la USB halitoi. Ya laptopu, ya inchi 2.5, hutosheka na volti 5. Kabla ya kuwasha aliinamisha sikio. Diski ikazunguka kwa sauti nyororo, mvumo usiokatika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ingelikuwa inagonga tik, tik, tik, alisema, angeizima papo hapo, kwani mlio huo mara nyingi maana yake ni kichwa cha kusomea kilichoharibika, na kila mzunguko wa ziada huenda unakwaruza kitu cha mtu.

Nilimwelewa vizuri zaidi nilipojifunza kinachoendelea mle ndani. Sahani za diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho, mle ndani ni jabali. Ndiyo sababu diski haifunguliwi barazani, hata fundi awe hodari vipi, na iliyoharibika vichwa hupelekwa kwenye maabara zenye hewa iliyochujwa.

Na bado kitu hicho dhaifu kina ukaidi wa ajabu. Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Miezi kadhaa baadaye, katika mabaki yaliyookotwa, ilipatikana hadi diski ndogo isiyofika hata gigabaiti moja, gamba lake limeungua na sehemu zake kuyeyuka. Ilikuwa imebeba matokeo ya jaribio la fizikia kuhusu gesi ya xenoni. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack walizisafisha sahani zake, wakazihamishia kwenye diski nyingine, wakasoma asilimia 99 ya kilichokuwamo, na mwaka 2008 matokeo ya jaribio yakachapishwa. Diski hiyo ilianguka kutoka angani ikiwaka moto. Sisi tunaikatia tamaa iliyokaa kabatini.

Kinachozishinda diski zetu ni mkono wa mtu. Ya baba mdogo ilikuwa imeshapigwa Windows mpya. Kwa macho ya kawaida ilikuwa tupu, haina folda moja yenye jina lake. Fundi hakushtuka. Faili likifutwa, au diski ikifomatiwa kwa haraka kama wengi wafanyavyo, kompyuta haiendi kulifuta neno kwa neno. Hukata jina kwenye daftari la wapangaji, na mpangaji mwenyewe bado amelala chumbani. Atatoka tu siku mpangaji mwingine atakapoletwa kwenye chumba kilekile. Windows mpya ilikuwa imekalia gigabaiti chache. Kwingine kote wapangaji wa zamani walikuwa wangalimo.

Ukweli huo una sura mbili, na ya pili inapaswa kutuogopesha. Mwaka 2009, waandishi wa habari waliokuwa wakifuatilia taka za kielektroniki nchini Ghana walinunua hadi diski zilizotumika sokoni, na kwenye mojawapo wakakuta nyaraka za mikataba kati ya kampuni kubwa ya ulinzi ya Marekani na serikali ya Marekani yenyewe. Diski ilikuwa imevuka bahari na siri za watu kwa bei ya mitumba. Anayeuza kompyuta ya marehemu kwa kilo anamuuza na marehemu mwenyewe, barua zake na madeni yake, kwa mtu asiyemjua. Hasara ni mbili kwa mpigo: sisi hatuna tena, na mwingine anacho.

Fundi hakufanya kazi kwenye diski yenyewe. Kwanza alitengeneza nakala yake kamili kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, zile mbovu huziruka, kisha huzirudia taratibu mwishoni. Ile ya asili akaiweka kando kwenye mfuko. Kisha juu ya nakala akaendesha PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Programu hii haisomi daftari la majina hata kidogo. Hupita kwenye diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za vitu vyenyewe: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, hati ya PDF huanza na herufi %PDF, na hati za Word za zamani nazo zina mwanzo wao. Ikiona mwanzo, huchukua kinachofuata, ikahifadhi, ikaendelea na safari.

Tuliyoyapata yalikuwa mengi kuliko nilivyothubutu kutumaini, na yote hayakuwa na majina. Kila kitu kilikuwa herufi f na tarakimu ndefu baada yake. Folda ambazo baba mdogo alizipanga kwa mkono wa mwalimu, darasa kwa darasa na mwaka kwa mwaka, hazikuwapo. Barua kwa mwanawe aliye Muscat ilikaa jirani na mtihani wa ufahamu wa kidato cha pili, na huo ukafuatiwa na tangazo la mazishi, likafuatiwa na vitufe vya rangi ambavyo Windows yenyewe hutumia kupambia kurasa zake. Baadhi ya picha zilirudi nusu: juu maharusi wamekaa kwenye viti vya dhahabu, chini kijivu kitupu, kwa sababu sehemu ya pili ya faili ilikuwa imetawanywa mahali pengine na programu haikujua pa kuifuata. Tarehe nazo zilidanganya. Kamera yake haikuwa imewekwa saa, kwa hiyo harusi, msiba na mahafali vyote vilidai kupigwa tarehe 1 Januari 2005.

Hapo kazi ya fundi iliishia. Alinikabidhi kila kitu kwenye flashi, akaniambia: “Vyote vimo, dada. Kujua ni nini, hilo la kwenu.”

Kauli yake ndiyo iliyonifanya niyaandike haya. Tunazungumzia uokoaji wa data kana kwamba ni jambo la waya na programu, na nusu ya kwanza kweli ni hiyo. Nusu ya pili haina programu. Niliifungua flashi ile mbele ya mama mdogo, picha moja baada ya nyingine, na nikaona kompyuta inachokijua na isichokijua. Mashine ilijua kwamba picha ile ina upana wa pikseli 2,048. Mama mdogo alijua kwamba yule mwanamke wa kanga nyekundu, wa tatu kutoka kushoto, ndiye aliyemlea baba mdogo baada ya mamaye kufariki, kwamba alikuwa mwenyeji wa Pongwe, na kwamba siku ile alikuja kwa miguu kwa sababu hakutaka kupanda gari la mtu aliyekuwa amegombana naye. Ile orodha ya majina na shilingi, ambayo mimi niliidhania ya harusi, yeye aliitambua kwa kutazama jina la kwanza tu: michango ya msiba wa mwenyekiti wa chama. Nilikuwa naandika huku akisema. Picha kadhaa alizitazama kwa muda, akasema hawajui waliomo, na aliyewajua ni dada yake mkubwa ambaye tulimzika. Hizo zimebaki na tarakimu zao.

Waswahili si wageni wa hali hii. Nakala ya utenzi wa kale, Utendi wa Tambuka, yenye mwaka 1728 iliandikwa, kama maandishi yetu yote ya zama zile, kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazikuwa zimeshonwa kwa vipimo vya Kiswahili. Mwandishi angeweza kutumia herufi moja mahali tunapotamka b, p au mb; irabu e na i zilikaa pamoja, na vivyo hivyo o na u. Msomaji asiyeijua lugha, na asiyewahi kuusikia utenzi ukighaniwa, angekuwa na karatasi nzima mkononi na neno lisilotamkika. Maandishi yalihifadhi nusu, na nusu ya pili ilikaa vifuani mwa watu waliokuwa wakisoma pamoja. Wataalamu waliozihamishia nakala zile katika hati za Kirumi karne iliyopita walilazimika kuketi na masheikh na washairi wa Lamu na Mombasa ili wasomewe. Karatasi ilikuwa inasubiri mtu, sawa na flashi ya baba mdogo.

Lakini je, kila kinachoweza kurudi kina haki ya kurudishwa? Kati ya hati zilizookolewa kulikuwa na barua za faragha, nyingine zimeandikwa na kuachwa bila kutumwa. Nilisoma mstari wa kwanza wa mojawapo kwa sauti. Mama mdogo akainua mkono: “Hiyo mwanangu funga. Hakunionyesha akiwa hai.” Nikaifunga. Programu haikuwa na namna ya kujua kwamba barua ambayo mwandishi ameamua kutoituma ni tofauti na barua aliyoipoteza. Kwake vyote ni baiti zenye mwanzo unaotambulika.

Mwandishi Mwingereza Terry Pratchett aliliona hili mapema. Aliagiza kwamba kazi zake ambazo hazijamalizika ziharibiwe baada ya kufa kwake. Alifariki Machi 2015, na tarehe 25 Agosti 2017, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, msaidizi wake Rob Wilkins alisimamia hadi diski ya Pratchett ikipitiwa na mtambo wa kushindilia barabara unaoendeshwa kwa mvuke. Mtambo ulipita zaidi ya mara moja na diski ikakaidi. Ikabidi itiwe kwenye mashine ya kusagia mawe. Kuna waliosikitika kwamba riwaya zimepotea. Mimi naona mtu aliyeifahamu mashine yake vizuri kuliko wengi wetu: alijua kwamba kuzima si kufuta, na kwamba asiyeacha wasia juu ya mafaili yake ameacha uamuzi kwa atakayebahatika kuwa na adapta.

Hadithi ya baba mdogo haitarudiwa kwa wepesi na kizazi kinachotufuata, na sababu si uzembe wao. Mashine zimebadilika. Laptopu nyingi mpya hazina sahani inayozunguka. Zina SSD, na faili likifutwa humo mfumo huiarifu diski, nayo kwa wakati wake husafisha chumba chenyewe, kwa hiyo PhotoRec hupita ikikuta sifuri tupu. Kompyuta nyingi za Windows za siku hizi hufumba diski nzima kwa BitLocker, mara nyingine bila mwenyewe kutambua, na diski hiyo ukiichomeka kwenye mashine nyingine utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta za Apple zenye kichipu cha T2, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017, zimeufunga ufumbaji kwenye kichipu chenyewe. Ubao ukiungua, kumbukumbu haisomeki penginepo. Haya yote ni kinga halali, na baada ya kisa cha Ghana hatuwezi kuyalaumu. Ila maana yake ni kwamba baraza la Ngamiani, ambalo limeokoa kumbukumbu za familia nyingi kwa adapta na subira, linaanza kuishiwa na kazi. Mashine mpya ikifa, hufa na kila kitu, isipokuwa mwenyewe aliacha nakala na ufunguo.

Kwa hiyo mzigo unahama kutoka kwa fundi kuja kwetu, na unapaswa kubebwa tungali hai na mashine zingali zinawaka. Faili lipe jina ambalo mtu mwingine atalielewa. “Mpya ya mwisho 2” halimfai mjane wala yatima. Picha ziandikie waliomo na mahali. Weka nakala sehemu mbili zisizo nyumba moja. Ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi, uiweke penye hati ya kiwanja na cheti cha ndoa, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Yale usiyotaka yasomwe, yafute ipasavyo mwenyewe, au useme wazi yafanyweje.

Na kama kwenu kuna kompyuta ya zamani imelala stoo kwa sababu iliambiwa imekufa, usiiuze kwa kilo, wala usimwache kijana yeyote aipige Windows. Mwite fundi atoe hadi diski, kisha mwite mzee wa nyumba aje atazame picha. Kati ya wawili hao, anza na mzee.